Anayekoroma Korongoni

Tarrook, 23 Septemba 1979

Mdogo wangu Noreen,

Keki imefika. Kopo lake limebonyea upande mmoja kana kwamba mtu wa posta alilikalia, lakini nimeila hivyo hivyo. Wewe husema siandiki mpaka nikumbushwe kwa sukari, basi umeshinda. Nguzo za simu bado hawajazirudisha, kwa hiyo itabidi univumilie kwa karatasi.

Nakamua ng'ombe thelathini na wanne sasa. Majani yameota kwa fujo palipoungua, mpaka naona aibu kuyatazama. Doug Pascoe amenisaidia kusimamisha uzio wa juu. Jirani kama yule hauzwi dukani. Jumapili nilimpelekea Athol maua ya njano ya mti wa mwati. Kaburi limezama kidogo upande wa miguu, nitalijazia udongo. Sijazoea kwamba kitindamimba wetu ndiye aliyetutangulia.

Nina swali, wewe unayelea koala nyuma ya nyumba. Dume husikika umbali gani? Wale vijana wa ofisi ya wanyamapori walipita hapa mwezi wa tano, wakatembea korongo zima na madaftari yao, wakasema moto wa Februari haukubakiza hata mmoja. Mmoja alinishika mkono kunipa pole, kama vile koala walikuwa shangazi zangu. Sasa tangu wiki iliyopita kuna kitu kinakoroma kule chini. Kinaanza alfajiri nikitoka kwenda kukamua. Kinavuta pumzi kama mlevi aliyelala chali, halafu kinaitoa kama kinapiga mbweu. Kinanyamaza. Kinarudia.

Nauliza tu. Usije ukapakia gari ukaja. Nyumba imejaa vumbi na sitaki wageni.

Kaka yako,
Mervyn


Cowes, 29 Septemba 1979

Kaka Mervyn,

Kimya kingi kina mshindo mkubwa! Miezi saba unaniandikia mistari miwili kuhusu maziwa, leo ukurasa mzima, na ni kuhusu koala. Nimefurahi mpaka nimemsomea barua yako Bibi Gertrude, yule koala wangu aliyeungua nyayo. Akanigeuzia matako, ndiyo desturi yake.

Ni koala, kaka. Ni koala tu. Msimu wao wa kutafutana unaanza sasa. Dume ana mwili wa mbwa mdogo na sauti ya fahali, na asubuhi tulivu unamsikia ukiwa mbali kilomita nzima. Vijana wa ofisini walikuja mwezi wa tano, wakati madume wamefunga midomo. Tena madume wachanga hutembea sana, mama zao wakishawachoka. Huyo wako huenda ametoka upande wa pili wa mlima, akapita kwenye majivu akitafuta mkaratusi wenye majani.

Na usimwite dubu kama ulivyomwita kwenye kadi ya Pasaka. Ni mnyama wa mfuko, ndugu yake ni kangaruu. Watu wanadhani wanawajua! Juzi alikuja mama mmoja hapa, akataka mwanawe ampakate Gertrude wapigwe picha. Nikamwonyesha mkono wangu palipo na kovu la nyuzi nane. Nikamwambia, mama, huyu si mwanasesere, ana vidole gumba viwili kila mkono na kucha za kupandia mti, na akiogopa kucha hazichagui. Akasema, "Lakini si analewa majani, maskini, ndiyo maana analala?" Halewi! Majani yale hayana nguvu, tena yana sumu, na tumbo linafanya kazi kutwa kuyasaga. Hata wewe ungelala saa ishirini kama chakula chako kingekuwa magazeti.

Ninayemkumbuka zaidi ni mmoja wa Februari. Dereva wa lori alimkuta barabarani, moto uko nyuma yake, akasimama, akamwinua kichwa na kumnywesha chupa nzima. Husemwa kwamba koala hanywi maji, kwa hiyo alipomwona anakunywa alilia kwa furaha. Maji yalikuwa yanaingia mapafuni. Koala hunywa ameinamisha kichwa. Alinifia mikononi siku ya tatu. Dereva alikuwa akipiga simu kila jioni kuulizia hali yake, nami nikamwambia amepona, amerudishwa porini. Ningemwambia nini?

Kwa hiyo huyo wa kwako akianza, kaa barazani unywe chai yako kwa raha. Ni koala tu. Na chumba cha nyuma nimekipaka rangi, kinakungoja.

Mdogo wako,
Noreen


Tarrook, 8 Oktoba 1979

Noreen,

Usiniandikie tena maneno hayo, "koala tu". Nakuomba kwa heshima, na sitaomba mara ya pili.

Si kwamba siwajui. Sauti ile ilikuwa dirishani kwangu kabla wewe hujazaliwa. Nimeshuka korongoni mara sita. Koala akikaa kwenye mti huacha dalili: mavi yake madogo kama kokwa za zeituni chini ya shina, na mikwaruzo kwenye gome. Nimepiga magoti nikatafuta. Hakuna mavi wala mikwaruzo. Kila nikifika chini kinanyamaza, na nikishapanda juu kinaanza tena nyuma yangu.

Ng'ombe nao wanasikia. Yule mwekundu anakataa kutoa maziwa mpaka kimalize.

Nieleze jambo moja. Siku ile wewe ndiye uliyekwenda kumtambua Athol, maana mimi Doug alinizuia mlangoni na miguu yangu haikubishana naye. Ulirudi ukaniambia alikufa ndani ya pikapu, mchana ule ule, mara moja, bila kuhisi kitu. Doug alikuambia hivyo? Kwa maneno hayo hayo? Niandikie kama ulivyosikia.

Mervyn


Cowes, 14 Oktoba 1979

Kaka Mervyn,

Ndiyo. Ndivyo Doug alivyosema. Ndani ya pikapu, saa tisa au saa kumi mchana, moto uliporuka korongo. Hakuhisi kitu. Nimekuambia mara moja na nakuambia tena, ili usiniulize mara ya tatu.

Kuhusu dalili: gome lililoungua limebambuka lote, mikwaruzo utaionaje? Na miti imeanza kuchipua majani kwenye shina lenyewe, kama ndevu. Hayo ni chakula kizuri kwake. Kwamba ananyamaza unapofika, hiyo ndiyo silaha yake ya kwanza. Hana mbio. Anakumbatia shina, anakugeuzia mgongo, anakuwa fundo la mti. Ngozi yake ya matakoni ni ngumu kama soli ya kiatu, anaweza kukaa hivyo kutwa nzima. Umepita chini yake mara sita, kaka, na mara zote sita alikuwa anakutazama.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nakuelewa. Lakini pia mficha maradhi kifo humuumbua. Kuna kitu hujaniambia. Mke wa Doug ananiandikia kwamba Ijumaa huendi tena kunywa bia na kikosi cha zimamoto, wewe uliyekuwa hukosi hata ukiwa na homa. Uza ng'ombe uje huku. Nakuomba. Nyumba ile itakumaliza.

Noreen


Shamba la Chini, Tarrook, 30 Oktoba 1979

Noreen,

Mimi si mtu wa barua, utanisamehe. Ni bora ulisikie kwangu.

Jumapili asubuhi nilikuta ng'ombe wa Mervyn wamejazana getini, maziwa yanadondoka, na mwenyewe hayupo. Nikashuka korongoni. Alikuwa ameteleza kwenye mwamba, amekaa kwenye majivu, mkono wa kulia umevunjika. Begani ana blanketi, na pembeni yake chupa ya maji imejaa mpaka shingoni. Midomo yake ilikuwa imekauka, nikamwambia, "Kunywa basi, mzee." Akasema, "Si yangu hii."

Kisha akaniuliza. Akasema, "Doug, pikapu ile pale. Wewe ulimkuta wapi?"

Uliniomba nisiseme, na nimekaa nalo miezi minane. Lakini rafiki yako akiwa ameketi kwenye majivu, mkono umevunjika, akakutazama machoni, utasema nini? Nilimwinua nikatembea naye. Nilimwonyesha lile jiwe bapa, hatua arobaini kutoka kwenye pikapu, kupanda, upande wa nyumbani. Nilimwambia kwamba Athol alitambaa. Nilidhani atalia. Aliuliza tu ilikuwa saa ngapi. Nikasema mimi nilifika kesho yake saa tatu asubuhi na tayari alikuwa amekufa, zaidi ya hapo sijui, maana siku ile kila kitu kilikuwa cha moto, hata mawe.

Mkono umefungwa plasta. Mke wangu na mimi tunamkamulia kwa zamu. Bunduki yake nimeiazima, nimesema nina tatizo la sungura. Hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha.

Samahani, Noreen.

Doug Pascoe


Tarrook, 11 Novemba 1979

Noreen,

Naandika kwa mkono wa kushoto, mistari michache kwa siku, leo siku ya nne.

Ulinidanganya. Sikulaumu. Ulimdanganya na yule dereva wa lori, ilinipasa nishtuke hapo. Nami nilikudanganya kwa kunyamaza, kwa hiyo tuko sawa, isipokuwa langu ni kubwa zaidi.

Mchana ule Athol alishuka kukata uzio ili mitamba watoke. Mimi nilibaki nyumbani na magunia yaliyoloweshwa ya kuzimia moto. Tulipatana kwamba atakayezibiwa njia aende kwa Pascoe. Moto ulipotupita, simu imekatika, barabara imezibwa na miti, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijua Athol yuko jikoni kwa Doug anamalizia mayai yao, na Doug naye, kumbe, anajua Athol yuko kwangu.

Kesho yake kulipoanza kupambazuka nilikaa barazani na kikombe cha chai. Kila kitu cheusi, na kimya, hakuna hata ndege. Ndipo nikasikia kule chini. Kuvuta kama kukoroma, kutoa kama mbweu. Nikasema, ni yule mzee. Unamkumbuka, lile dume kubwa la karibu na kijito, Athol alikuwa akilitukana kila lilipomwamsha. Nilicheka, Noreen. Nilisimama nikapiga kelele, "Mshenzi wewe, umepona!" Machozi yalinitoka kwa furaha kwamba kuna kitu hai. Nikakaa. Nikamimina kikombe cha pili. Iliendelea labda nusu saa, kila mara ikipungua, halafu ikakoma, nami nikasema amelala.

Mtu wa mjini angeshuka mbio. Wageni wote wakiisikia sauti ile mara ya kwanza hudhani mtu anachinjwa, na sisi huwacheka mpaka mbavu ziume. Unakumbuka yule mwalimu mgeni aliyemwita polisi? Mimi sikushuka kwa sababu mimi najua.

Sasa nisikilize. Karatasi ya daktari aliyempima iko kwako. Lazima inasema saa. Kama alikufa mchana, basi nilichosikia ni mnyama, na nitaweza kuishi. Kama ilikuwa alfajiri, niambie. Usinidanganye safari hii, maana nitajua, na hapo sitakuwa na mtu wa kuuliza tena.

Mervyn


Cowes, 3 Desemba 1979

Kaka,

Nimechelewa wiki tatu. Barua ya kwanza niliandika kwamba karatasi inasema saa kumi mchana. Nikaibandika stempu kabisa, halafu nikaichoma. Ya pili ilikuwa ya matusi. Nilikuchukia, Mervyn, nasema kweli kwa kuwa umeitaka kweli. Kila nilipofumba macho nilikuona umekaa na kikombe chako. Nayo niliichoma.

Karatasi haisemi saa. Inasema kati ya jioni ile na asubuhi. Inasema pia kwamba koo na mapafu yaliungua kwa ndani, kwamba asingeweza kutamka neno, angeweza tu kuvuta pumzi na kuitoa, kwa sauti. Daktari ameandika hivyo, "kwa sauti". Niliusoma mstari huo mara moja nikaikunja karatasi, nikaja nikakuambia alikufa ndani ya pikapu. Tangu siku hiyo nilikuwa najiuliza alimwita nani kwa sauti hiyo, na kwa nini hakuna aliyesikia.

Sijui ulimsikia nani. Nadhani ulimsikia Athol. Basi, nimeandika.

Jana kulipopambazuka dume letu la hapa lilianza. Nimeishi na sauti hizo miaka kumi na moja. Watu wananipigia simu hapa kisiwani kutoka bara kuniuliza habari zao. Nilitoka na gauni la kulalia nikasimama chini ya mti, nikasikiliza nikitafuta tofauti. Nilitafuta kitu chochote ambacho ulipaswa kukitambua, ili nipate pa kukulaumia. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Sikukipata. Ningekaa barazani kama wewe. Na kilichonitia hofu ni kwamba baada ya muda sikumsikia koala tena, nilimsikia Athol, juu ya mti wangu, anahangaika kupumua, na sikuweza kumrudisha kuwa koala mpaka jua lilipotoka.

Halafu ni mimi niliyekuandikia unywe chai yako kwa raha. Mungu anisamehe.

Nakuja, utake usitake. Niambie tu kama kitu kile bado kinalia.

Noreen


Tarrook, 12 Desemba 1979

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma zizini, nimesimama. Najua ilikuuma kuiandika, na ninashukuru. Nilikuwa najua. Lakini kujua peke yangu kulikuwa kunanila, sasa angalau tunaliwa wawili.

Bado kinalia, na nimekiona. Alhamisi kulipokucha nilimkuta chini, anatembea kwenye majivu kwa miguu yake yote minne kama mtu aliyepoteza funguo. Koala dume, mchanga, kifua kina doa la mafuta, anakisugua kwenye kila kigogo kuacha harufu yake. Nilimzibia njia. Akapanda nguzo ya uzio, na nguzo ni fupi, hakuwa na pa kwenda. Akanigeuzia mgongo kama ulivyosema. Nikanyoosha mkono wangu mzima nimguse, maana nilitaka kuwa na hakika. Alinipasua kutoka kiwiko mpaka kiganja. Doug alipokuja kunifunga alidhani nimerukwa na akili, nilivyokuwa naitazama damu ile kwa furaha. Mzuka haukwaruzi. Kisha yule mnyama akainua kichwa akanguruma pale pale usoni kwangu, tumbo lote likitikisika.

Kwa hiyo ulisema kweli tangu mwanzo. Ni koala.

Nilidhani nikishamwona itaisha. Haikuisha. Ijumaa alianza tena. Nilijua ni yeye, ningeapa mahakamani kwamba ni yeye. Nilivaa viatu nikashuka na maji na blanketi. Jumamosi pia, na kila siku mpaka leo. Nikifika ananyamaza. Namwona amekumbatia mti wake, nasimama kidogo, kisha napanda kumsaidia Doug kukamua. Doug anasema mtu anayejua ni koala hana sababu ya kushuka. Nikamwambia, siku ile pia nilijua.

Njoo Jumamosi. Gari liache kwa Doug, barabara ya kwetu ni mashimo matupu. Lete viatu vya mpira, pale kwenye mwamba panateleza. Atalia ukiwa hapa, hana adabu kwa wageni. Wewe utamtambua mara moja, kuliko mtu yeyote, na utataka kuniambia ni nani. Usiniambie. Vaa viatu tushuke.

Kaka yako,
Mervyn